Basi Huanzia Karakana: Kutoka DMT hadi Mabasi ya Gesi ya Mbagala

Mhadhara wa wazi kwa wakazi wa Maparoni, Wilaya ya Kibiti

Mtu wa Maparoni anayekwenda Kariakoo huangalia maji kwanza, basi baadaye. Maji yakipwa, mkono wa mto hubaki tope na mizizi ya mikoko, na boti haitoki. Yakijaa, abiria hupakiwa pamoja na matenga ya kaa na ndoo za kamba hadi Nyamisati, hapo akapata gari la kumfikisha Bungu kwenye lami, kisha akasimama kando ya barabara ya Kilwa kusubiri basi la Mbagala Rangi Tatu. Akishuka Rangi Tatu, safari yake imeingia mikononi mwa mabasi ya jiji.

Kipande hicho cha mwisho, kutoka Rangi Tatu hadi katikati ya mji, ndicho kinachozungumzwa katika mhadhara huu. Ni kifupi kuliko vyote na mara nyingi ndicho kilichowachosha watu kuliko vyote. Nyuma yake ipo historia ya zaidi ya miaka 70 ya kampuni iliyozaliwa kwa jina la DMT, ikageuka UDA, ikazaa UDA-RT, na sasa ina wenzake wapya barabarani.

Historia hiyo ni ya watu wa delta ya Rufiji pia. J.A.K. Leslie, ofisa wa serikali ya kikoloni aliyeandika uchunguzi wa mji wa Dar es Salaam uliochapishwa mwaka 1963, aliwakuta Warufiji miongoni mwa makundi makubwa ya wakazi wa mji, pamoja na Wazaramo na Waluguru. Leo Mbagala, Mtoni na Temeke zimejaa watu ambao kwao ni Kibiti, Ikwiriri, Utete na visiwa vya delta. Kila mfumo wa mabasi uliopita Dar es Salaam umewabeba au umewaacha kituoni.

Hoja ya mhadhara ni hii. Kila jiji lilipokwama kwa usafiri, jibu lililotangazwa lilikuwa mabasi mapya. Na kweli yalikuja: ya Uingereza, ya Hungaria, ya Japani yaliyokwishatumika, ya China. Kilichokosekana kila mara kilikuwa nyuma ya basi, yaani vipuri, mafundi, uwanja wa kulaza magari, na nauli inayotosha kuvilipia. Kampuni ya mabasi hufa kwanza karakanani. Barabarani hufa baadaye, mbele ya macho ya watu.

Kampuni ya Waingereza

Dar es Salaam Motor Transport Company, au DMT, ilianza kuendesha mabasi ya mji mwishoni mwa miaka ya 1940. Ilikuwa mali ya kampuni kubwa ya Uingereza iliyojulikana kama United Transport, iliyokuwa na mikono katika makoloni mengi ya Afrika. Nairobi, kampuni hiyo hiyo iliikamata Kenya Bus Services, iliyokuwa imeanzishwa mwaka 1934. Mabosi wa mabasi ya Dar es Salaam na wa mabasi ya Nairobi walikuwa wakipeleka hesabu zao Uingereza.

Undugu huo ulikuwa na faida ambayo abiria hawakuiona. Kampuni yenye matawi katika nchi nyingi hununua chesisi kwa wingi, huagiza vipuri kwa mkupuo, na huhamisha fundi kutoka tawi moja kwenda jingine. Basi la Leyland likivunjika gia Dar es Salaam, gia nyingine ilikuwa ama ghalani ama melini. Nauli nayo ilipangwa ili kampuni ipate faida, na ruti ilichaguliwa kwa kipimo hicho hicho. Magomeni, Ilala na Kariakoo, walikokaa wafanyakazi wa bandari na wa maofisini, zilikuwa na abiria wa uhakika asubuhi na jioni, kwa hiyo zilipata mabasi. Pembezoni watu walitembea kwa miguu au walipanda baiskeli.

Tanganyika ikapata uhuru mwaka 1961, na Azimio la Arusha likatangazwa Februari 1967. Mabenki yalikuwa ya kwanza kutaifishwa. Zamu ya DMT ilifika mwaka 1970. Sensa ya mwaka 1967 ilikuwa imehesabu watu wapatao 270,000 Dar es Salaam. Sensa iliyofuata, ya mwaka 1978, ilikuta zaidi ya 800,000. Serikali ilikuwa imeichukua kampuni ya mabasi wakati ambapo mji ulikuwa unakua karibu mara tatu ndani ya miaka 11.

Mwaka 1974

Mwaka 1974 DMT iligawanywa vipande viwili. Mabasi ya mjini yakapewa shirika jipya, Usafiri Dar es Salaam, UDA. Mabasi ya mikoani yakawa chini ya Kampuni ya Mabasi ya Taifa, KAMATA. KAMATA haipo tena, lakini jina lake limebaki kama kituo karibu na Gerezani, na makonda wa leo waliozaliwa baada ya kampuni kufa wanaliita bila kujua kwamba palikuwa na mabasi.

Mwaka huo huo yalitokea mambo mawili mengine ambayo hayakuonekana kuihusu UDA. Katika mji wa Curitiba, Brazili, mabasi ya kwanza yalianza kupita katika njia zao pekee, yakitenganishwa na magari mengine. Na katika kisiwa cha Songo Songo, Kilwa, kusini kidogo ya delta ya Rufiji, gesi asilia iligunduliwa. Njia za pekee zingefika Dar es Salaam baada ya zaidi ya miaka 40. Gesi ingefika kwenye injini za mabasi ya Mbagala baada ya zaidi ya miaka 50.

UDA ilianza na ari kubwa. Shirika la umma halikutakiwa kuchagua ruti zenye faida tu, lilitakiwa kumfikisha mfanyakazi kiwandani na mwanafunzi shuleni. Nauli iliwekwa chini kwa makusudi. Sera hiyo ilikuwa na utu ndani yake, nayo ilifanya kazi muda wote ambao kulikuwa na mtu wa kufidia pengo.

Pengo likawa kubwa haraka. Bei ya mafuta duniani ilipanda ghafla mwaka 1973 hadi 1974, ikapanda tena mwaka 1979. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Vita na Idi Amin vya mwaka 1978 na 1979 vilikausha fedha za kigeni. Kila bolti ya injini, kila taya la breki, kila tairi lililotoka nje lilihitaji kibali na dola, na UDA ilipanga foleni pamoja na hospitali, viwanda na jeshi.

Hapo ndipo karakana ilipogeuka machinjio. Basi lililoharibika jenereta halikutengenezwa, lilichinjwa. Gia iliyobaki nzima iliwekwa kwenye basi la pili, kioo kwenye la tatu, viti kwenye la nne. Fundi hodari wa UDA wa miaka hiyo alikuwa mtu anayejua basi gani uani lina kifaa gani ambacho bado kinafaa. Kwenye vitabu vya hesabu shirika lilikuwa na mabasi mengi. Barabarani yalitoka machache, na mengine hayakurudi kabla ya jua kutua.

Kumbakumba

Mabasi yanayokumbukwa kuliko yote ya UDA ni Ikarus. Yalitoka Hungaria, nchi iliyokuwa na kiwanda kikubwa cha mabasi huko Székesfehérvár, kilichouza magari yake kuanzia Budapest na Moscow hadi Afrika. Yale marefu, yenye vipande viwili vilivyounganishwa kwa kiungo cha mpira uliokunjwakunjwa kama kinanda, wakazi wa Dar es Salaam waliyaita kumbakumba, kwa sababu yalikomba kituo kizima kwa mkupuo mmoja. Likikata kona, nusu ya nyuma ilifuata taratibu, na abiria waliosimama juu ya kiungo walizungushwa na sakafu chini ya miguu yao. Watoto walipigania kusimama hapo.

Kumbakumba lilikuwa jibu sahihi kwa swali la idadi ya abiria. Kwa swali la karakana lilikuwa mzigo. Gari la mita 16 au zaidi linataka shimo refu la ukaguzi, winchi yenye nguvu na uwanja mpana wa kugeuzia. Kiungo cha katikati kinabeba uzito na kupinda kila kona, hivyo kinachakaa haraka kwenye barabara yenye mashimo, na barabara za Dar es Salaam za miaka ya 1980 zilikuwa mashimo yaliyotenganishwa na vipande vya lami. Vipuri vilitoka nchi moja. Mkataba na Hungaria ukichelewa, basi lote la abiria zaidi ya 100 linakaa.

Basi dogo likikaa, wanaokosa usafiri ni abiria 30. Kumbakumba likikaa, kituo kizima kinabaki kimesimama. Hesabu hiyo ndogo iliwafundisha watu wa Temeke na Mbagala kutembea.

Wenye magari binafsi walikwishaanza kubeba abiria kwa kificho. Pikapu zilifungwa mabenchi mawili yanayotazamana, abiria wakakaa magoti kwa magoti kama wateja wa hotelini, na zikaitwa chai maharage. Polisi waliyakamata magari hayo, na abiria waliyatetea. Mwaka 1983, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, serikali iliruhusu mabasi ya watu binafsi yabebe abiria mjini, mwanzoni kwa kibali na kwa kuilipa UDA ada. Daladala zikapata uhalali.

Karakana iliyohamia mtaani

Ni rahisi kusema kwamba daladala zilishinda kwa sababu mtu binafsi ana bidii kuliko shirika. Ukizitazama gari kwa gari, sababu nyingine inajitokeza. Kuanzia mwaka 1984 serikali iliruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe za kigeni, na katika miaka ya Rais Ali Hassan Mwinyi magari yaliyotumika Japani yakamiminika bandarini. Toyota Hiace, zilizokuja kuitwa vipanya, zikafuatwa na Coaster, Nissan Civilian na Isuzu Journey. Vipuri vyake havikuhitaji kibali cha wizara. Vilipatikana Gerezani na Shauri Moyo, halisi kwa bandia, na fundi aliyevifunga alikaa chini ya mwembe nje ya duka.

Kwa maneno mengine daladala zilikuwa na karakana. Ilikuwa imesambaa mtaani, inafunguliwa usiku na mchana, na inafahamu Hiace kuliko walioitengeneza. UDA ilikuwa na mashimo ya ukaguzi na haikuwa na vipuri. Mtaa haukuwa na shimo hata moja, ila ulikuwa na vipuri.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 mabasi ya UDA yaliyokuwa yakifanya kazi yalihesabika kwa vidole, wakati daladala zilikuwa maelfu.

Gharama ya mfumo huo ilibebwa na mtu mwingine. Tajiri alimkabidhi dereva gari na kumtajia hesabu, yaani kiasi cha kumletea kila jioni. Baada ya hesabu yalitoka mafuta, faini za trafiki na chochote cha wapiga debe. Kilichobaki kiligawanywa kati ya dereva na konda. Mtafiti Matteo Rizzo, aliyeandika kitabu kizima kuhusu usafiri wa Dar es Salaam, kilichochapishwa na Oxford mwaka 2017, aliwakuta wafanyakazi wengi wa daladala wakifanya kazi wastani wa saa 15 kwa siku, bila mkataba wowote wa maandishi. Wafanyakazi hao walianzisha chama chao, UWAMADAR, na wakashirikiana na chama cha wafanyakazi wa mawasiliano na uchukuzi, COTWU, kudai mikataba.

Mambo mengi ambayo abiria waliyaona kama utovu wa adabu yalitoka katika hesabu hiyo. Konda aliwakataa wanafunzi kwa sababu nauli yao ni ndogo na nafasi ni ile ile. Dereva alikatisha ruti Mtoni Mtongani kwa sababu kugeuza hapo kulimpa abiria wapya haraka kuliko kwenda hadi Rangi Tatu na kurudi mtupu. Matairi yalibaki vipara kwa sababu hesabu ya siku haikuwa na fungu la matairi.

Rangi Tatu palikuwa na sayansi yake. Asubuhi, gari likitokea mjini, vijana walipandia dirishani kabla halijasimama, mmoja akaweka begi kwenye kiti, mwingine akaweka mguu. Waliotaka kukaa bila kupigana walitembea hadi kituo cha nyuma, Zakhem au Kizuiani, wakalipanda gari likielekea Rangi Tatu, wakalipa nauli na kugeuza nalo. Mtu wa namna hiyo alilipa nauli mbili ili apate kiti kimoja, na hilo halikuonekana katika takwimu za mtu yeyote.

UDA inauzwa, UDA-RT inazaliwa

Wakati daladala zikitawala, UDA haikufutwa. Ilibaki na viwanja vyake na hisa zake, zilizomilikiwa na Halmashauri ya Jiji na serikali kuu. Mwaka 2011 hisa ziliuzwa kwa kampuni ya Simon Group, na mauzo hayo yakazua mjadala mrefu bungeni na katika Baraza la Jiji, hadi Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali akaingizwa. Mabishano yalihusu bei ya hisa na nani alikuwa na mamlaka ya kuuza. Kwa mhadhara huu, la kukumbuka ni kwamba kilichogombewa kilikuwa ardhi na jina. Mabasi yalikuwa machache mno kugombewa.

Jina hilo likapata maisha mapya. Wakala wa Mabasi Yaendayo Haraka, DART, ulioundwa mwaka 2007, ulikuwa ukijenga barabara za pekee kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kwa mfano wa Curitiba na wa TransMilenio ya Bogotá. Awamu ya kwanza ilikuwa kilomita 21 hivi, kutoka Kimara hadi Kivukoni, na matawi ya Morocco na Gerezani. Kuendesha mabasi kulipewa UDA-RT, kampuni iliyoundwa na UDA pamoja na vyama vya wenye daladala. Wenye vipanya walikaa meza moja na mrithi wa kumbakumba.

Mabasi 140 ya Golden Dragon yalishushwa kutoka China, 39 kati yake ya mita 18 yenye kiungo cha katikati, na 101 ya mita 12. Huduma ilianza Mei 10, 2016, kwa nauli ya shilingi 650 kwenye njia kuu, na Rais John Magufuli akaizindua rasmi Januari 2017. Safari ya Kimara hadi Posta, iliyokuwa ikimaliza saa mbili kwenye foleni, sasa ilikuwa ya chini ya saa moja. Sakafu ya basi ilikuwa sawa na sakafu ya kituo, kwa hiyo mzee na mtu wa kiti cha magurudumu waliingia bila kunyanyuliwa. Dar es Salaam ilipewa Tuzo ya Usafiri Endelevu ya mwaka 2018, ikawa mji wa kwanza wa Afrika kuipata.

Mpango wenyewe ulitaka mabasi 305. Yaliyokuwepo yalikuwa chini ya nusu, na yalibeba abiria karibu 200,000 kwa siku. Mengine 70 yalipofika mwaka 2018 yalikaa bandarini kwa miezi mingi kwa mvutano wa ushuru, huku abiria wa Kimara wakibanana.

Lakini kosa kubwa lilikuwa la mahali. Karakana kuu ilijengwa Jangwani, katika bonde la mto Msimbazi. Kila mwenye kumbukumbu ya mvua za masika Dar es Salaam anajua Jangwani hujaa maji. Mwaka 2018 maji yaliingia karakanani na kuharibu mabasi yaliyokuwa yamelazwa humo, na barabara yenyewe ilifungwa mara kwa mara msimu hadi msimu. Baadaye mradi mkubwa wa bonde la Msimbazi, nao kwa fedha za Benki ya Dunia, uliweka katika mipango yake kuihamisha karakana hiyo. Watu wa delta, wanaopanga nyumba, mashamba na safari kwa kufuata maji, hawahitaji kuelezwa zaidi.

Miaka ilivyoenda, mabasi mazima yakapungua na foleni vituoni zikarefuka. Serikali ikawa tena mwenye hisa nyingi katika UDA-RT, kama ilivyokuwa kwa UDA mwaka 1974.

Barabara ya Kilwa

Awamu ya pili ndiyo inayowagusa moja kwa moja wasafiri wa Kibiti, kwa kuwa inafuata barabara ya Kilwa hadi Mbagala. Benki ya Maendeleo ya Afrika ilitoa mkopo, kampuni ya Sinohydro ya China ikajenga kilomita 20.3 za njia za pekee, vituo, na barabara za juu kwenye makutano ya Kurasini na Chang'ombe. Ujenzi ulianza mwaka 2019. Ulipokamilika, barabara ilikaa bila mabasi yake kwa muda mrefu. Bodaboda zilipita kwenye njia za zege, vibanda vya vituo vikabaki vimefungwa, na Rangi Tatu iliendelea na daladala zake, madirisha yake na watu wake wa kugeuza na gari.

Mwaka 2025 mabasi yakaja. Mwendeshaji alikuwa kampuni ya Kitanzania, Mofat, na mabasi yenyewe yalitumia gesi asilia. Safari za Mbagala zilianza Oktoba mwaka huo. Wakati huo huo, malalamiko ya abiria wa Kimara yaliposhika kasi, sehemu ya mabasi yaliyonunuliwa kwa ajili ya Mbagala ilipelekwa kusaidia barabara ya Morogoro. Kundi la magari lililonunuliwa kwa njia moja likagawanywa kwa mbili, kama UDA ilivyofanya zamani kwa vifaa vya basi moja hadi jingine.

Gesi inaleta mabadiliko ambayo mtu wa delta anaweza kuyafuatilia kwa miguu. Gesi ya Tanzania inatoka Songo Songo na Mnazi Bay. Bomba la kutoka Songo Songo huibukia nchi kavu Somanga Funga, kisha hufuata pwani kwenda Ubungo, nalo lilianza kazi mwaka 2004. Bomba kubwa la kutoka Mtwara lililokamilika mwaka 2015 linapita ukanda huo huo. Yote mawili yanakatiza Wilaya ya Kibiti. Gesi inayosukuma basi kutoka Rangi Tatu kwenda Kamata imepita chini ya ardhi ya Kibiti kabla ya kufika mjini.

Faida zipo. Gesi inalipwa kwa shilingi, haingoji meli ya mafuta, na moshi wake ni mwepesi. Ugonjwa wa fedha za kigeni uliomaliza UDA miaka ya 1980 haumshiki mwendeshaji wa gesi kwa nguvu ile ile, angalau kwa upande wa mafuta. Kwa upande wa karakana, kazi imeongezeka. Mitungi hubeba gesi kwa mgandamizo wa karibu mara 200 ya hewa ya kawaida, hivyo inakaguliwa kwa ratiba kali. Vituo vya kujazia vinahitaji kompresa na umeme usiokatika. Foleni za bajaji kwenye vituo vya gesi vya Dar es Salaam zinaonyesha kwamba vituo bado ni vichache kuliko magari. Na fundi wa chini ya mwembe wa Shauri Moyo, aliyeiokoa Hiace miaka 30, hawezi kuchukua spana na kufungua mtungi wa namna hiyo. Karakana iliyohamia mtaani inatakiwa sasa irudi ndani ya uzio, kwa mafundi waliosomea kazi hiyo.

Safari moja, ofisi nne

Maparoni haihesabiwi katika mpango wowote wa mabasi ya jiji, na hakuna anayetegemea basi la mita 18 lifike kwenye mikoko. Hata hivyo safari ya Maparoni hadi Kariakoo ni safari moja kwa anayeisafiri, na historia ya usimamizi wake ina funzo.

Kwa miaka mingi mamlaka moja, SUMATRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2001, ilisimamia usafiri wa nchi kavu na wa majini kwa pamoja. Boti ya Nyamisati na Coaster ya Bungu zilikuwa chini ya paa moja, angalau kwenye karatasi. Kisha kazi ikagawanywa. Usafiri wa majini ulikwenda kwa TASAC, iliyoanza mwaka 2018, na wa nchi kavu kwa LATRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019. Kivuko cha MV Kilindoni kinachounganisha Nyamisati na Mafia kinaendeshwa na TEMESA. Mabasi ya njia za pekee yako chini ya DART. Abiria wa delta akipata hasara kwa sababu boti ilichelewa na basi la mwisho likaondoka, hakuna ofisi moja inayomiliki ucheleweshaji huo.

Ratiba ya mabasi ya Kibiti na Mbagala inafuata saa. Ratiba ya boti inafuata bamvua na maji mafu. Mahali ambapo ratiba hizo mbili zinakutana ni Nyamisati, na hapo ndipo mwendeshaji yeyote mwenye akili angeweka kituo cha kuulizia, chumba cha kupumzikia, na gari linaloondoka boti zikiisha kufika.

Maswali yafuatayo yanaachwa kwa majadiliano baada ya mhadhara, na yanaweza kupelekwa kwenye mikutano ya wadau ambayo LATRA huiitisha kabla ya kubadilisha nauli, au kwa Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri Ardhini, LATRA CCC, ambalo kazi yake ni kusikiliza abiria.

Kwanza, mwendeshaji wa barabara ya Kilwa ana mabasi mangapi ya akiba yanayobaki karakanani wakati mengine yakitengenezwa, na mangapi kati yake yanaweza kuhamishwa kwenda njia nyingine bila Mbagala kubaki tupu?

Pili, nauli inayopangwa ina fungu gani la vipuri na mitungi, na nani analitazama fungu hilo kila mwaka?

Tatu, basi la Kibiti linaloingia Rangi Tatu saa nne usiku linamkuta nani? Ikiwa basi la mwisho la njia ya pekee limekwishaondoka, mwenye tenga la kaa anarudi kwenye bodaboda na bei ya usiku, na kaa wanaoza kabla ya soko la Feri kufunguliwa.